Kisobadilika katika Programu za Seva: Jina Moja, Thamani Moja

1. Utangulizi

Piana-Mwanga, katika jimbo la Tanganyika, hujulikana zaidi kwa kituo cha umeme wa maji kilichojengwa kwenye mto Luvua enzi za utawala wa Wabelgiji, ili kuipatia nguvu migodi ya bati ya Manono. Jina la mahali hapo huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Wako waandikao Piana-Mwanga, wako waandikao Mpiana-Mwanga, na wako wanaoondoa kistari cha katikati. Kwa karani anayesoma barua, tofauti hiyo si kitu; akili yake hujua kwamba majina yote matatu yaelekea mahali pamoja. Lakini kompyuta haina busara hiyo. Kwake, Piana-Mwanga na Mpiana-Mwanga ni mahali pawili, na mwanafunzi aliyesajiliwa kwa jina la kwanza hatapatikana na mtu anayemtafuta kwa jina la pili.

Jambo hili laonekana dogo mpaka limpate mtu. Mwanafunzi ambaye jina la mahali pake pa kuzaliwa halipatani katika kurasa mbili za tovuti moja aweza kukosa kitambulisho, kucheleweshewa cheti, au kuambiwa kwamba hayumo kabisa. Kosa si lake, wala si la mashine. Kosa ni la mwandishi wa programu, ambaye aliandika jambo moja mara ishirini pale ambapo angaliweza kuliandika mara moja.

Makala hii yakusudia kueleza chombo kimoja cha kuzuia kosa la namna hiyo, yaani kisobadilika, kama kinavyotumika katika lugha ya PHP, ambayo ni miongoni mwa lugha zinazotumika sana kuandikia programu za tovuti upande wa seva. Tutaanza na istilahi, tuingie katika matumizi, kisha tuulize swali ambalo vitabu vingi vya programu hulipita haraka: ni mambo gani hayafai kufanywa visobadilika, hasa katika nchi ambayo majina yake yamebadilika mara nyingi kama Kongo? Msomaji hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili atufuate; yatosha awe amewahi kujaza fomu katika tovuti.

2. Seva, kivinjari na maisha mafupi ya programu

Mtu afunguapo ukurasa wa tovuti, kivinjari kilichomo katika simu au kompyuta yake hupeleka ombi kwa mashine nyingine iitwayo seva. Seva huendesha programu, programu hutengeneza ukurasa, na ukurasa uliokwisha kutengenezwa ndio unaorudishwa kwa mwombaji. Msimbo wenyewe wa programu haumfikii mwombaji. Yeye hupata matokeo tu, kama mgeni apataye chakula kilichoiva bila kuingia jikoni.

PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, mwaka 1994, naye akaitoa hadharani mwaka 1995. Tangu hapo imepita mikononi mwa wengi, na kila toleo limeongeza au kurekebisha jambo. Sifa moja ya lugha hii hatuna budi kuitia maanani tangu mwanzo: kwa kawaida, kila ombi huanza upya. Seva ipokeapo ombi, programu huanza mstari wa kwanza, hutangaza vitu vyake, hufanya kazi, hutoa ukurasa, na kila ilichokumbuka hufutika. Ombi la pili halirithi chochote cha la kwanza. Kwa hiyo tusemapo kwamba kitu fulani hakibadiliki, maana yake ni kwamba hakibadiliki tangu ombi lianze hadi liishe. Mwandishi aweza kufungua faili kesho na kuandika thamani nyingine, na ombi litakalofuata litaitii. Uthabiti tunaouzungumzia ni wa safari moja.

3. Suala la istilahi

Katika hisabati na katika programu, tunahitaji maneno mawili yanayokabiliana: moja la kitu ambacho thamani yake yaweza kugeuzwa kazi inapoendelea, na jingine la kitu ambacho thamani yake haigeuzwi. Kwa kitu cha kwanza makala hii yatumia kibadilika, na kwa cha pili kisobadilika.

Twaona kwamba jozi hii ina faida tatu. Kwanza, imejengwa kwa kitenzi kimoja, na tofauti yote imebebwa na kiambishi -so-, ambacho ni ufupisho wa urejeshi kanushi. Msemaji wa pwani na msomaji wa ushairi wamezoea umbo hilo katika maneno kama asojua, badala ya asiyejua. Pili, maneno yote mawili huingia katika ngeli ya KI-VI bila taabu: kisobadilika hiki, visobadilika hivi. Tatu, mwanafunzi ajuaye Kiswahili lakini hajui kompyuta huielewa maana kabla hajafafanuliwa.

Wako wanaopendekeza thabiti, na neno hilo ni zuri, ila ni kivumishi. Ukisema thamani thabiti umesema jambo sahihi, lakini utahitaji nomino ya kutaja kitu chenyewe chenye jina na thamani. Kwa upande mwingine, neno kisobadilika laweza kulaumiwa kwamba laahidi mno, kwa kuwa, kama tulivyokwisha kuona, thamani yaweza kuandikwa upya kati ya ombi na ombi. Lawama hiyo ni ya haki. Tutairudia katika sehemu ya saba, kwa sababu ndiyo kiini cha makala hii.

4. Namna ya kutangaza kisobadilika

PHP ina njia mbili za kutangaza kisobadilika. Ya kwanza na ya zamani zaidi ni kitendaji define, ambacho hupewa jina na thamani:

define('MJI_MKUU', 'Kalemie');

Ya pili ni neno const, ambalo tangu toleo la 5.3 la mwaka 2009 laweza kutumika nje ya klasi:

const JIMBO = 'Tanganyika';

Baada ya matangazo hayo, popote programu iandikapo MJI_MKUU itasomeka Kalemie, na popote iandikapo JIMBO itasomeka Tanganyika. Mambo manne yatazamwe hapa.

La kwanza ni umbo la jina. Kibadilika katika PHP hutanguliwa na alama ya dola, kama $bei. Kisobadilika hakina alama hiyo. Jina huanza kwa herufi au kistari cha chini, kisha hufuatwa na herufi, tarakimu au vistari vya chini. Desturi, ingawa si sheria, ni kuandika kwa herufi kubwa tupu, ili jicho la msomaji litambue mara moja kwamba hapa pana kitu kisichoguswa. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti: JIMBO si Jimbo. Zamani define iliruhusu tofauti hiyo ipuuzwe, lakini ruhusa hiyo ilianza kukemewa katika toleo la 7.3 na ikaondolewa katika toleo la 8.0 la mwaka 2020.

La pili ni wakati. Tangazo la const hufasiriwa msimbo unaposomwa, kabla ya kuendeshwa. Kwa hiyo haliwezi kuwekwa ndani ya sharti, ndani ya mzunguko, wala ndani ya kitendaji. Tangazo la define hutendeka programu inapoendeshwa, na kwa sababu hiyo laweza kufuata sharti:

if (!defined('LUGHA_YA_UKURASA')) {
    define('LUGHA_YA_UKURASA', 'sw-CD');
}

Hapa programu yauliza kwanza kama jina limekwisha kutangazwa. Kama halijatangazwa, yalitangaza. Thamani sw-CD ni alama inayokijulisha kivinjari kwamba ukurasa umeandikwa kwa Kiswahili, na kwamba ni Kiswahili cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

La tatu ni aina ya thamani. Kisobadilika chaweza kubeba namba, maandishi, au jibu la ndiyo na hapana. Safu ya thamani nyingi iliruhusiwa kwa const tangu toleo la 5.6 la mwaka 2014, na kwa define tangu toleo la 7.0 la mwaka 2015.

La nne ni upeo. Kibadilika kilichotangazwa nje ya kitendaji hakionekani ndani yake mpaka kiitwe kwa njia maalumu. Kisobadilika huonekana kila mahali. Ni kama kengele ya mji: ikipigwa mara moja, kila nyumba imesikia.

Mtu akijaribu kukitangaza tena kisobadilika kwa define, PHP hutoa onyo, huiacha thamani ya kwanza, na programu huendelea. Wala hakuna amri ya kukifuta.

5. Faida yake: mfano wa kodi

Tuchukue mfano wa hesabu. Tangu tarehe 1 Januari 2012 Kongo hutoza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wenyeji huiita kwa herufi zake za Kifaransa TVA, na kiwango chake cha kawaida kilipoanza kilikuwa asilimia 16. Tuseme duka la vitabu la chuo lina tovuti, na mwandishi wake ameandika hivi:

const KIWANGO_CHA_TVA = 16;

function kodi($bei) {
    return $bei * KIWANGO_CHA_TVA / 100;
}

Kwa kitabu cha faranga 50,000, kodi itakuwa faranga 8,000, na mnunuzi atalipa 58,000. Sasa tumfikirie mwandishi mwingine ambaye hakutangaza kitu, bali ameiandika namba 16 yenyewe kila alipoihitaji: katika ukurasa wa bei, katika ukurasa wa risiti, katika taarifa ya mwezi. Serikali ikibadili kiwango, atafanya nini? Atatafuta kila 16 katika faili zake na kuibadilisha. Lakini si kila 16 ni kodi. Pengine 16 nyingine ni ukubwa wa maandishi, nyingine ni umri wa chini wa msomaji, nyingine ni idadi ya safu katika jedwali. Atabadilisha asizopaswa kuzibadilisha, na kuziacha alizopaswa. Mnunuzi ataonyeshwa bei moja na kutozwa nyingine.

Namba tupu haisemi ni ya nini. Jina husema. Hii ndiyo faida ya kwanza ya kisobadilika, nayo ni faida ya lugha kabla ya kuwa faida ya mashine: huipa thamani jina, na jina hubeba sababu. Faida ya pili ni kwamba badiliko hufanywa mahali pamoja.

PHP yenyewe yatoa ushahidi. Lugha hii ina visobadilika vyake vilivyotangazwa tayari. Kiitwacho M_PI hubeba thamani ya pai. PHP_VERSION hutaja toleo linaloendeshwa. __LINE__ hutaja namba ya mstari, na __DIR__ hutaja folda ya faili. Kimoja chao, E_ALL, humwagiza mkalimani wa lugha atoe taarifa za makosa yote. Katika toleo la 5.3 thamani yake ilikuwa 30719. Katika toleo la 5.4 la mwaka 2012 ikawa 32767, kwa kuwa aina moja zaidi ya makosa ilijumuishwa. Aliyekuwa ameandika jina E_ALL hakuhitaji kufanya lolote. Aliyekuwa ameandika namba 30719, akidhani amejua siri ya jina, aliachwa nyuma bila kuarifiwa.

6. Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni la wanaoanza. PHP hukisoma kibadilika kilichomo ndani ya alama mbili za nukuu, lakini hakisomi kisobadilika humo. Aandikaye

echo "Jimbo la JIMBO";

atapata maandishi Jimbo la JIMBO, neno kwa neno. Sharti aunganishe kwa nukta:

echo 'Jimbo la ' . JIMBO;

Kosa la pili ni zito zaidi, na historia yake ina mafunzo. Kwa miaka mingi, programu ilipotaja kisobadilika ambacho hakijatangazwa, PHP haikusimama. Ilidhani mwandishi amesahau alama za nukuu, ikalichukua jina lenyewe kuwa maandishi, ikanong'ona taarifa ndogo ambayo seva nyingi zilikuwa zimeagizwa zisiionyeshe, kisha ikaendelea. Tutazame matokeo yake. Mwandishi ametangaza MTIHANI_UMEFUNGULIWA kuwa hapana, kisha mahali pengine akakosea herufi moja:

if (MTIHANI_UMEFUNGULWA) {
    onyesha_maswali();
}

Jina hilo la pili halipo. Katika matoleo ya zamani likageuka kuwa maandishi, na kwa PHP maandishi yasiyo matupu huhesabiwa kuwa ndiyo. Maswali ya mtihani yakafunguliwa kabla ya siku yake, kwa sababu ya herufi moja. Katika hesabu, matokeo ni kinyume: jina lisilojulikana likizidishwa kwa bei huhesabiwa kuwa sifuri, na kodi ikapotea. Toleo la 7.2 la mwaka 2017 liliigeuza taarifa ndogo kuwa onyo. Toleo la 8.0 la mwaka 2020 likaifanya kuwa kosa linalosimamisha programu. Wapo walionung'unika kwamba programu zao za zamani zimekatika. Lakini mlango unaokataa kufunguka kwa ufunguo mbaya ni bora kuliko unaofunguka kwa ufunguo wowote.

Kwa waandishi wanaotumia Kiswahili katika majina ya programu zao, kosa hili lina chanzo cha pekee. Kiswahili cha Kongo hutamka na mara nyingi huandika kiambishi mu- pale ambapo Kiswahili sanifu huandika m-: mutu kwa mtu, mutoto kwa mtoto, muji kwa mji. Tuseme programu moja yaandikwa na watu wawili, mmoja wa Kalemie na mwingine wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Wa kwanza hutangaza MUJI_WA_KUZALIWA. Wa pili hutumia MJI_WA_KUZALIWA. Wote wawili wameandika Kiswahili, wote wawili wakizungumza wataelewana, na programu haitakubali. Hatusemi hapa kwamba umbo moja ni bora kuliko jingine. Twasema kwamba kikundi kinachoandika pamoja sharti kikubaliane, kiandike makubaliano yake, na kuweka matangazo yote katika faili moja ambayo kila mmoja huifungua kabla ya kubuni jina jipya. Kazi ya usanifishaji, ambayo wanaisimu huijadili katika makongamano, hapa yatakiwa kukamilika kabla ya jioni.

7. Ni kipi kisichofaa kufanywa kisobadilika?

Sasa turudi kwenye lawama tuliyoiahirisha. Mji ambao leo waitwa Kalemie uliitwa Albertville hadi mwaka 1966. Nchi iliitwa Zaire tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1997. Katika miaka hiyo jimbo la Katanga liliitwa Shaba, kisha likarudishiwa jina lake. Mwaka 2015, kwa kutekeleza katiba ya mwaka 2006, idadi ya majimbo pamoja na mji wa Kinshasa ilitoka 11 ikawa 26. Katanga ikagawanywa kuwa majimbo manne, yaani Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika, na Kalemie ikawa makao makuu ya hilo la mwisho. Fedha nazo hazikukaa: zaire ilifuatwa na zaire mpya mwaka 1993, nayo ikafuatwa na faranga ya Kongo mwaka 1998.

Mwandishi wa programu za usajili ambaye kabla ya mwaka 2015 alikuwa ameandika

const IDADI_YA_MAJIMBO = 11;

alikuwa na bahati kuliko aliyetawanya namba 11 kila mahali, kwa kuwa alibadilisha mstari mmoja. Hadi hapo kisobadilika kimefanya kazi yake. Lakini tumfikirie mwingine aliyeandika

const JIMBO_LA_KALEMIE = 'Katanga';

na programu yake hulitumia jina hilo kuchapisha mahali pa kuzaliwa katika vyeti. Mwaka 2015 amebadilisha Katanga kuwa Tanganyika, akaridhika. Sasa waje wahitimu watatu, wote waliozaliwa Kalemie. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1985: hati yake ya kuzaliwa yasema Shaba, nchi ya Zaire. Wa pili alizaliwa mwaka 2000: hati yasema Katanga. Wa tatu alizaliwa mwaka 2016, naye ndiye peke yake ambaye hati yake yasema Tanganyika. Programu itawachapishia wote watatu neno moja. Vyeti vya wawili havitapatana na hati zao, nao watakaokwenda kuomba kazi au safari wataulizwa maswali ambayo hawakuyatengeneza. Badiliko la mstari mmoja, ambalo tulilisifu katika mfano wa kodi, hapa limebadilisha yaliyokwisha kupita.

Kodi yenyewe ina hatari hiyo hiyo. Kisobadilika KIWANGO_CHA_TVA chafaa kwa bei ya leo. Lakini risiti ya zamani ikichapishwa upya baada ya kiwango kubadilika, sharti ioneshe kiwango kilichotozwa siku ile, si cha leo. Kwa hiyo risiti ihifadhi kiwango chake yenyewe, ndani ya hifadhidata, pamoja na tarehe.

Kutokana na mifano hii twapendekeza maswali matatu ambayo mwandishi ajiulize kabla ya kutangaza kisobadilika. Kwanza: je, thamani hii yaweza kubadilika ombi moja linapoendelea? Ikiwa yaweza, ni kibadilika. Pili: ikibadilika kesho, je, kumbukumbu za jana nazo zibadilike? Ikiwa hazipaswi, thamani hiyo si kisobadilika, bali ni jambo lenye tarehe, na mahali pake ni jedwali la hifadhidata lenye nguzo tatu: jina, tangu lini, hadi lini. Tatu: ni nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha? Ikiwa ni mwandishi wa programu, iwekwe katika msimbo. Ikiwa ni mhasibu au msajili, isiwe katika msimbo, kwa kuwa wao hawaufungui.

Hata hivyo yako mambo yaliyosimama wakati majina yalipopita. Alama ya herufi mbili ya nchi katika orodha ya kimataifa ilikuwa ZR, ikawa CD mwaka 1997. Lakini alama yake ya tarakimu, 180, haikubadilika, na namba ya simu ya kimataifa, 243, nayo ilibaki. Vivyo hivyo saa: Kongo ina majira mawili, na Kalemie hufuata ya mashariki, saa moja mbele ya Kinshasa. Tovuti ya mtihani unaofunguliwa saa mbili asubuhi sharti iseme ni saa mbili ya wapi, na tangazo

const MAJIRA = 'Africa/Lubumbashi';

likiwekwa mwanzo wa programu na kutumiwa kuweka saa, litawaepusha watahiniwa wa mashariki na kukuta mlango umefungwa.

8. Siri, klasi na orodha funge

Kwa kuwa msimbo wa PHP haupelekwi kwa mwombaji, wengi huweka nywila ya hifadhidata katika kisobadilika. Ni desturi ya zamani na yaweza kukubalika, ila kwa sharti: faili yenye nywila ikae nje ya folda ambayo seva huionyesha kwa umma. Mkalimani wa PHP akizimwa kwa bahati mbaya, seva yaweza kuitoa faili kama maandishi ya kawaida, na siri ikasomwa na yeyote. Kutobadilika si kufichika. Haya ni mambo mawili.

Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2004, kisobadilika chaweza pia kuishi ndani ya klasi, nacho huitwa kwa jina la klasi likifuatwa na nukta nne:

class Tanganyika {
    const MAKAO_MAKUU = 'Kalemie';
}

echo Tanganyika::MAKAO_MAKUU;

Njia hii huzuia majina yasigongane, kwa maana kila klasi yaweza kuwa na MAKAO_MAKUU yake. Toleo la 7.1 liliruhusu kisobadilika cha klasi kifichwe kisionekane nje, na toleo la 8.3 la mwaka 2023 likaruhusu aina ya thamani yake itajwe.

Mwishowe, toleo la 8.1 la mwaka 2021 lilileta kile ambacho tutakiita orodha funge: aina mpya ambayo thamani zake zote zimehesabiwa na nyingine haikubaliki. Mfano unaofaa kwetu ni lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya Kongo:

enum Lugha: string {
    case Kikongo = 'kg';
    case Kiswahili = 'sw';
    case Lingala = 'ln';
    case Tshiluba = 'lua';
}

Kitendaji kinachodai Lugha hakitapokea neno lililoandikwa vibaya, wala lugha ambayo haimo. Lakini hapa pia swali la pili la sehemu iliyopita lina nguvu. Atangazaye orodha funge amesema nani yumo na nani hayumo. Kiluba cha Katanga, Kitabwa na Kibembe huzungumzwa katika nchi za kandokando ya ziwa na Luvua, wala havimo katika orodha hiyo. Kama fomu yauliza lugha za taifa, orodha ni sahihi. Kama yauliza lugha ya mama, orodha hiyo hiyo ni kosa, nayo itamlazimisha mtu wa Piana-Mwanga ajiandike asivyo.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kisobadilika ni jina lililopewa thamani mara moja, likaonekana kila mahali katika programu, na kudumu kwa muda wa ombi moja. Faida yake ni kwamba thamani hupata jina lenye maana, na badiliko hufanywa mahali pamoja. Hatari yake ni mbili: jina likikosewa, na jambo lenye historia likichukuliwa kuwa halina. Hatari ya kwanza matoleo mapya ya PHP yameipunguza sana. Ya pili hakuna toleo litakaloipunguza, kwa kuwa si ya mashine.

Kwa walimu wa Kiswahili tunaona kwamba kazi hii yawahusu kuliko wanavyodhani. Kuchagua baina ya Piana-Mwanga na Mpiana-Mwanga, baina ya mji na muji, baina ya lugha ya taifa na lugha ya mama, ni kazi ya mwanaisimu kabla ya kuwa ya mwanaprogramu. Wanafunzi wa idara hizi mbili wakikaa meza moja, wa kwanza atasema jina liandikwe vipi, wa pili ataliandika mara moja tu, na msajili akilitafuta atalipata.